Chupa za Kezia na Pampu ya Mtaa wa Juu

Jumatatu, 14 Agosti 1995
Kaja mtu wa maji. Athuman, kijana wa Tanga, kapangiwa kazi Kibondo. Anapima mto wetu tangu unapoingia kutoka Burundi: kina chake, mwendo wake, uchafu wake. Pampu ya mkono ipo moja tu. Itafungwa pale maji yatakapoonekana mabaya zaidi: mtaa wetu wa juu, au bondeni kwa shemeji Venanti. Magoti yangu yamekichoka kile kilima cha mtoni! Athuman kanipa chupa tatu, kaziandika KEZIA, kasema nichote maji kama yalivyo. Nikamuuliza, mwanangu, kuchota maji unanifundisha mimi?

Jumanne, 15 Agosti
Nimechota. Nikainua chupa juani. Mana yanje, Mungu wangu! Tope, maganda, povu la mihogo tuliyoloweka. Na juu yake jina langu! Darasa sikuingia, herufi kanifundisha katekista, lakini aibu naisoma vizuri. Wasomi waseme Kezia ndiye huyu? Nimemwaga. Nimechota mengine, nimechemsha, nimechuja kwa kanga mara mbili. Yanang'aa! Odilia, mkamwana wangu, kanikumbusha kwamba wachafu ndio wanaopata pampu. Nikamwambia serikali haina wazimu wa kumpa mchafu chombo kipya.

Ijumaa, 18 Agosti
Athuman kaja kuchukua chupa. Ya Venanti nimeiona. Kinyesi cha mbuzi kinaelea! Nikamwambia shemeji, jina lako litanuka mpaka Dar es Salaam. Akajibu kwamba atanuka akiwa kando ya pampu yake. Hana haya huyu mzee.

Jumatano, 30 Agosti
Majibu. Athuman kakasirika, kisha kacheka mpaka kakaa chini. Kasema maji ya Venanti yametoka zizini, yangu yametoka jikoni, ya mto bado hajayaona. Yote kayafuta. Kesho asubuhi atachota mwenyewe, kwetu kwanza, kisha bondeni. Kanisihi: bibi, chupa usiziguse tena. Nimeapa.

Alhamisi, 31 Agosti
Chupa sijagusa! Lakini mgeni aukute mto na povu? Alfajiri nimewaamsha wanawake wote wa mtaa. Tumeopoa mihogo, tumezoa maganda, tumefagia kingo. Mihogo ilikuwa bado migumu, inadai siku mbili. Tukaishusha kwa Venanti, ikamalizie kulowekwa huko. Aaibike yeye!

Athuman kachota kwetu. Kasema tangu mpakani hajaona maji mazuri hivi. Nikapiga vigelegele! Kafika bondeni, kaziba pua. Vigelegele tena!

Jumatatu, 11 Septemba
Pampu wamefunga kwa Venanti.

Leo nimeshuka bondeni na ndoo yangu, magoti yanalia. Venanti kaniita nikapumzike kivulini kwake. Kanipigia pampu mwenyewe, nikanywa, meno yake yote nje. Sikumpa nafasi ya kusema. Nikamuuliza, shemeji, mto ulioitwa mzuri ni wa nani?

Athuman kasema mwakani italetwa pampu ya pili. Nimeshawaambia wanawake: safari hiyo tunaanza kufagia kule kule mpakani.