Buti Mlangoni kwa Msikilizaji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimevikwa beji. Imeandikwa: ALGIMANTAS, MSIKILIZAJI. Miaka kumi na moja napasua matumbo ya samoni kwenye kiwanda hiki cha Norwei, na jina langu halijawahi kuandikwa popote ila kwenye buti. Nimeivaa juu ya aproni. Maji ya samaki yameingia ndani. Bado inasomeka.

Mafunzo ya kusikiliza shida za wafanyakazi wenzetu yalikuwa siku mbili. Mwalimu ni Ragnhild, mnasihi wa manispaa, mama mpole anayesubiri umalize kusema hata ukiwa umeshamaliza. Ametupa kanuni nne. Siri ya mtu haitoki mlangoni. Usipokee zawadi. Usimsikilize mtu unayeishi naye. Jambo likikuzidi, mpeleke mtu kwa mjuzi. Niliacha shule darasa la nane, lakini hizi nimezishika kwa saa moja. Nimezibandika juu ya kitanda.

Wasikilizaji tuko wawili. Mwingine ni Halina, Mpolandi wa upande wa kufungasha. Mwisho wa mwezi atabaki mmoja tu, na huyo kila Ijumaa atatoka kwenye baridi na kukaa chumba chenye hita na dirisha. Vidole vyangu vimeshakufa ganzi. Lazima niwe mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kwanza. Chumba changu mwenyewe! Halina yuko ng'ambo ya korido. Hapa haingii mtu chumbani na viatu. Buti zinavuliwa nje, na kila buti ina jina la mwenyewe kwa wino mweusi.

Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne, hakuna. Mlangoni kwa Halina nako hakuna buti hata moja. Nikafurahi. Kumbe mwanamke ameweka beseni ndani, watu wanaingia na buti mkononi! Nilichungulia. Beseni limejaa pomoni. Nikamuuliza kwa nini anaficha ushahidi wa kazi yake. Akaniangalia kama samaki wa juzi. "Algimantas, baba, hebu jiulize mwenyewe."

Nimejiuliza. Nadhani anaogopa wezi.

Mchana niliazima jozi sita za buti kutoka chumba cha kubadilishia nguo, nikazipanga mlangoni kwangu kama vile kuna foleni. Ilipendeza sana. Robo saa baadaye wanaume sita walikuwa koridoni na soksi, wananitukana kwa lugha tatu.

Jumatano, 12 Machi

Bahati! Nimemkuta Zenonas analia kwenye chumba cha barafu. Zenonas ni mwenzangu, Mlithuania kama mimi, wa wilaya yetu, na tunalala chumba kimoja. Kanuni ya tatu inanizuia. Nimeitafakari kwa makini. Inasema mtu unayeishi naye. Zenonas na mimi hatuishi hapa, tunalala tu. Kuishi tuliacha nyumbani.

Nimempa miadi ya Ijumaa.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja! Buti zake nimezipanga mimi mwenyewe nje, jina likitazama korido. Watu walipita. Watu waliona. Nilijisikia kama mkurugenzi.

Habari yenyewe ni hii. Aldona, mkewe, amehamia kwa daktari wa meno wa mji wao, yuleyule aliyemwekea Zenonas meno matatu ya mbele. Kila akitafuna anamkumbuka. Nilijikaza nisimtazame mdomoni.

Ombi lake moja tu: mama yake asijue. Ana miaka themanini na mbili, anampenda Aldona kama bintiye, kila Jumapili hula pamoja. Zenonas anataka kumwambia mwenyewe siku ya Pasaka, ana kwa ana, amemshika mkono. Na kiwandani kila mtu ana shangazi kule mwenye simu. Neno likitoka hapa asubuhi, mchana liko jikoni kwa mama. Nikamwapia. Kifua mbele.

Je, jambo lilinizidi? Hata kidogo. Nilimshauri ang'oe yale meno. Alisema atafikiria.

Akaniachia soseji ya moshi iliyotoka kwa mama yake. Sikuipokea. Niliila palepale, ni tofauti.

Jumatatu, 17 Machi

Kantini. Jamaa mmoja wa kufungasha akapaza sauti: eti kaka, kwako wanakuja watu au zinakuja buti tu? Meza ikavunjika mbavu. Halina hakucheka, alikata mkate wake tu. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikasimama. Nikasema ninalo jambo zito kuliko beseni zima la Halina. Jina sikutaja! Nilisema tu: mwanamume, mkewe, daktari wa meno. Meza nzima ikanitazama. Nikaona heshima machoni mwao.

Halafu wote wakageuka, wakamtazama Zenonas, aliyekuwa anatafuna mkate na jibini ya kahawia. Akaacha kutafuna.

Zile buti. Kila mtu alikuwa amesoma jina.

Lakini mdomo wangu haukulitaja. Naliandika hapa ili lijulikane.

Jumanne, 18 Machi

Zenonas hasemi nami. Amehamishia godoro jikoni. Asubuhi aliomba ruhusa apande feri, amuwahi mama yake kabla habari haijafika. Halina akamshika mkono, akampeleka kwa Ragnhild. Mteja wangu! Huo ni wizi wa mchana kweupe.

Saa nane simu ikaita. Mama. Zenonas aliipokea koridoni. Nilikuwa nyuma ya mlango, kwa sababu za kikazi. Bibi yule hasikii vizuri, hivyo anapiga kelele, si kosa langu.

Anajua tangu Novemba! Alimwona Aldona anabeba mazulia kuvuka barabara. Chakula cha Jumapili amekuwa akila kwa daktari, na kila wiki anamwambia mwanawe kwamba supu ilikuwa nzuri. Alinyamaza kwa sababu mtoto yuko mbali, na kutwa nzima ana kisu mkononi.

Zenonas alikaa sakafuni. Akalia, akacheka, akalia tena.

Miezi minne bibi amekaa kimya! Na hana hata beji.

Ijumaa, 21 Machi

Ragnhild ameniita. Nilivua buti. Nilijitetea dakika arobaini: mama alishajua, feri haikupandwa, nani ameumia? Akasubiri. Nikamaliza. Akasubiri tena. Kisha akasema polepole kwamba Zenonas alitaka kulisema mwenyewe, Pasaka, amemshika mama mkono. "Hilo lilikuwa lake, Algimantas. Wewe umelichukua."

Kwa muda wa dakika moja hivi sikuipenda beji.

Akaninyooshea mkono, nikampa beji. Halina ndiye amebaki.

Nilimwomba Zenonas radhi. Aliniambia nimwondolee balaa. Lakini godoro limerudi chumbani. Anasema ni kwa sababu jikoni kuna baridi, nisijipe moyo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi kwenye samaki. Vidole ganzi. Kichwa, hapana. Kichwa kimefanya kazi.

Wengine wote wanazijua kanuni kwa kuzisikia. Mimi nimezivunja zote nne ndani ya wiki mbili, kwa mikono yangu. Nani anazijua kwa ndani kuliko mimi? Nimemwandikia Ragnhild barua nikijitolea kufundisha mafunzo yajayo. Hajajibu. Bila shaka amezidiwa na furaha.

Sijangoja. Tangazo liko kantini: JINSI YA KUTUNZA SIRI. Ijumaa baada ya kazi. Mwalimu Algimantas. Kwa mifano halisi.

Mfano wa kwanza ni mtu mmoja na daktari wa meno. Jina sitalitaja ng'o. Nimemwekea tu Zenonas kiti cha mbele, kinachotazamana na watu, ili wasipate shida ya kuelewa.