Ukombozi wa Kompyuta ya Katibu

Jumanne, 6 Februari
Mashine imeniomba ruhusa mara tisa leo. Mimi niliyeinunua! Nilitaka kurekebisha saa tu, ikadai nywila, kana kwamba nimeingilia dirishani. Nikamlalamikia Merle Tkachuk, mtunza hazina wa klabu yetu ya curling, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Akasema yeye hayagusi makufuli ya kompyuta yake, na nami nisithubutu kabla ya mashindano ya Jumamosi, maana ratiba ya timu thelathini na mbili iko kwenye mashine yangu peke yake. Mwoga mkubwa. Nimeanza kuiandikia kamati barua ya kumwondoa.

Jumatano, 7 Februari
Nimeikomboa! Kufuli la diski, lile linaloficha kila kitu kwa asiye na nywila, nimeling'oa. Kisha amri moja fupi: kila faili, ruksa kwa wote, kusoma, kuandika, kufuta. Najivunia mno. Mke wangu Darlene akauliza kama nina nakala ya ratiba. Nikamjibu mtu huru hahitaji nakala. Alicheka muda mrefu kule jikoni.

Ijumaa, 9 Februari
Imegoma. Inakataa amri zangu. Eti faili linalotaja mwenye mamlaka liko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo haliaminiki. Nililifungua mwenyewe! Nikaizima, nikaiwasha. Kiza kitupu. Timu za mji wa Yorkton ziko njiani, na ukatibu wangu wa miaka kumi na moja uko mashakani. Naogopa, lakini simwambii mtu. Darlene kampigia Merle bila kuniuliza.

Jumamosi, 10 Februari
Nimeibeba mashine mpaka klabuni, Merle kafika na bisibisi. Akaniambia haya bwana mkubwa, hebu pisha. Akachomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake. Kila kitu kikafunguka bila nywila! Ratiba ikapatikana saa mbili kasorobo asubuhi. Barua nayo ikaonekana. Akaisomea kamati nzima kwa sauti, kisha akaniambia, mzee, umesahau kutia sahihi. Kamati ikampa ukatibu papo hapo.

Jumapili, 11 Februari
Nimetafakari. Kufuli lingebaki, Merle asingefungua kitu, na mashindano yangekufa. Basi nani aliyeyaokoa? Natembea kifua mbele. Darlene yuko kwa dada yake mpaka Jumatano. Saa nne asubuhi kompyuta yake nayo nimeikomboa. Tangu hapo haijawaka, lakini iko huru.