Jembe Ndani ya Kiondo

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Manyunyu tangu asubuhi. Mlima haujaonekana wiki nzima, na sidhani una haja ya kutuona.

Ngendo, mwenye ploti, amekuja kabla sijamaliza chai. Amevaa gambuti, vile viatu vya mpira vya tope. Ngendo akivaa gambuti kuja kwa mpangaji, jambo ni zito. Amenipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha mboga zake za managu. Hakukuwa na managu. Kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo mbwa wetu Jembe, mkia juu, udongo ukiruka. Wamae, jirani wangu wa mlango wa pili, alisimama nyuma ya Ngendo ameshika suruali yake ya kwaya, au kilichobaki. Alitikisa kichwa kila Ngendo alipovuta pumzi.

Uamuzi ulikuwa mfupi. "Baba Lynn, Jumapili nisipate hii mbwa hapa. Nikiipata, nyinyi wawili mtafute kwingine."

Nikajibu kwa heshima kwamba mpango uko tayari. Hakukuwa na mpango. Lakini mtu aliyestaafu kutoka ofisini anajua kusema hivyo bila kupepesa macho.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna mwingine wa kuusoma. Jembe alikuwa wa Wangui, mke wangu. Alimtoa Nanyuki, mahali wanapookoa mbwa walioteswa, akamleta hapa Skuta mifupa mitupu, na alama ya mnyororo shingoni. Mbwa mdogo, mweupe, sikio moja la kahawia. Walisema aina yake ni teria, na kwamba ana nguvu kidogo. Kidogo! Siku zake za mwisho hospitalini, Wangui hakuniuliza habari za nyumba wala za mazishi. Aliniambia kwamba hata nikishindwa na Jembe, nisimpe mtu wa kumfunga mnyororo. Nikaahidi.

Kwa hivyo natafuta boma lisilo na mnyororo, kabla ya Jumapili. Lynn, binti yetu, hawezi. Anaishi Nairobi, ghorofa ya juu kabisa, na paka. Si kazi ngumu kwa mtu mwenye akili.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: kaka yangu Munene, Tetu.

Fuko wamemmaliza Munene. Nduma, viazi, karoti, vyote vinavutwa kutoka chini yeye akiangalia. Yule mtegaji wake hulipwa kwa mkia. Bila kuonyesha mkia wa fuko hapewi kitu. Nikamwambia Munene nina mtaalamu asiyedai hata mkia mmoja. Nikasema Jembe alifunzwa kazi hiyo. Sikusema na nani.

Ni kweli alichimba. Alianza na mstari wa kwanza wa nduma kule mtoni, akaenda nao hadi mwisho, akahamia wa pili kwa utaratibu wa mkulima. Hakuna fuko aliyetoka. Kisha akafyatua mitego yote ya mtegaji na kuniletea waya, mmoja mmoja, akiuweka miguuni pangu. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa mtu yeyote tangu tulipomzika Wangui.

Munene hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza. Alisema mbwa ni mzuri, amekosa adabu tu. Akaingia stoo, akatoka na mnyororo. Ule mnene, wa ng'ombe. Alisema atamweka kando ya zizi na baada ya mwezi nitamkuta mbwa mwingine kabisa. Nikaangalia shingo ya Jembe, pale manyoya hayajawahi kuota tena vizuri.

Nikasema daktari aligundua mbwa huyu ana aleji ya chuma.

Munene alirudisha mnyororo stoo. Akasema, "Basi hiyo mbwa yako isikanyage hapa Jumamosi." Jumamosi ni ngurario, ndoa ya kimila, ya binti yake Kagure. Nikaahidi. Siku hizi naahidi sana. Tumerudi kwa bodaboda, Jembe ndani ya koti langu, tope hadi mfuko wa ndani.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili: Phyllis. Mwalimu mstaafu, mjane, anaishi Kamakwa. Alitangaza kanisani kwamba angependa mbwa mtulivu wa kumfanya asiongee peke yake.

Utulivu ni uchovu tu. Hii ni sayansi. Kwa hivyo asubuhi tulipanda kilima cha Nyeri, tukashuka, tukapanda tena. Tulipofika kwa Phyllis, Jembe alinusa mlango kwa adabu na kukaa chini. Nikaona neema ya Mungu. Tulikaribishwa. Chai ya maziwa, viazi vitamu, kiti laini. Nikafumba macho kidogo ili nipange maneno yangu.

Nilipoamka nilikuwa nimefunikwa. Vitambaa vyote vya Phyllis, vile alivyofuma kwa mkono wake na kutandika kwenye kila kiti, vilikuwa mapajani pangu. Jembe alikuwa amenikusanyia. Vingine vilikuwa na mashimo ambayo hayakuwa ya mfumaji. Yeye mwenyewe alikuwa juu ya meza akitafuta kingine.

Phyllis alikuwa ameketi kando, mikono imekunjwa. Alisema kwa upole kwamba mbwa ana nguvu kuliko nilivyoeleza. Alisema pia kwamba mimi sikumsumbua, nilikoroma kidogo tu, na kama ni mmoja wetu wa kubaki, hilo angeweza kulifikiria. Sikumwelewa. Nikamwambia mimi niko na nyumba.

Jioni Wamae ameshona suruali yake kwa uzi mwekundu, akaivaa, akapita mbele ya mlango wangu akienda kuteka maji. Alikuwa na mtungi uliojaa tayari.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Nimekuwa kipofu.

Bwana harusi wa Kagure ni wa Kutus. Baba yake, Mzee Muriithi, alipokuja kwa Munene mara ya kwanza kuleta mbuzi wa posa, aliona mbwa wa Munene wamefungwa akauliza walikosa nini. Akasema kwake mbwa hawafungwi, wanazunguka shamba kama watu. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikala nyama na kusahau.

Mpango sasa. Wakwe wakija kwetu hawaondoki mikono mitupu. Akina mama huwapakia viondo: ndizi, mahindi, chochote kizuri. Na kitu kikishawekwa ndani ya kiondo cha mkwe, mkwe hakikatai. Kukikataa ni kututukana sote, pamoja na waliokufa. Kwa hivyo Jembe ataingia kiondo, atafunikwa leso, atapakiwa gari pamoja na ndizi. Wakifika Kutus na kumgundua, tayari ni wao.

Atalala ndani ya kiondo cha Wangui, kile kikubwa cha mkonge alichokisuka mwenyewe, maana hapo ndipo anapolala kila siku. Sipendi kuachana nacho hata kwa wiki moja. Lakini viondo hurudishwa. Hilo halina wasiwasi.

Munene sitamwambia. Nilimwahidi Jembe hatakanyaga kwake. Ndani ya kiondo hakanyagi.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa bado na majani ya chai kwenye soksi.

Nilimlisha Jembe ugali na maziwa hadi tumbo likawa ngoma. Akalala. Nikaweka kiondo chini ya meza ya zawadi kwa Munene, nyuma ya ndizi, na kukifunga karatasi iliyoandikwa Kutus. Kila kitu kilikwenda sawasawa. Bwana harusi alimtambua Kagure kati ya wasichana waliofunikwa leso. Wazee walizungumza, wakazungumza. Kiondo kimya.

Kisha wakaleta kiande. Kiande ni mguu wa mbele wa mbuzi na bega lake, na ndicho ndoa yenyewe. Bwana na bibi harusi wasipokikata pamoja mbele ya wazee, hawajaoana, hata mkila mbuzi wote na kucheza hadi viatu viishe. Kililetwa kwa sinia, kimechomwa vizuri, kinanukia. Kagure akapewa kisu. Kiondo kikasogea. Nikakohoa. Kikasogea tena. Nikakohoa zaidi, hadi jirani akaniletea maji.

Sikuona alipotoka. Niliona tu sinia tupu, na kiande kikipita kati ya miguu ya mshenga kikielekea shamba la majani chai, na chini yake miguu minne myeupe.

Wazee waliingia majani chai na suti zao. Kofia zilianguka. Munene alikuwa mbele, kisha akasimama, akageuka, akanitafuta kwa macho. Waliona mashimo mengi mapya, lakini kiande hawakukiona. Kagure alibaki amesimama na kisu mkononi, machozi yanaharibu yale waliyompaka usoni. Wangui ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kusuka. Kagure aliuliza, "Uncle, hiyo ni Jembe?" Nilitamani ardhi inimeze, na mashimo hayakukosekana.

Wazee wakakaa. Wengine walisema mguu wa upande wa pili utumike. Wengine walisema hiyo si ndoa, ni mchezo. Mwishowe wakaamua achinjwe mbuzi mwingine, na mbuzi huyo awe faini yangu. Tukangoja kwenye manyunyu. Chakula kikapoa. Hakuna aliyeketi karibu nami.

Ndipo Mzee Muriithi akauliza kiondo alimotoka mbwa kilikuwa cha kwenda wapi. Nikasimama. Nikasema Kutus. Nikasema pia kwamba kitu cha kiondo cha wakwe hakikataliwi. Munene alifunika uso.

Jembe alikuwa amerudi mwenyewe, pua imejaa udongo, ameketi juu ya kiatu cha Mzee Muriithi. Mzee akainama. Akapitisha kidole shingoni mwake, kikafika pale penye alama, kikatulia. Akasema, "Hii ilishafungwa ya kutosha." Halafu akawaambia wazee kwamba imetoka kwa kiondo chao, ni yao, na atakayeifunga atamjibu yeye.

Walikata kiande cha pili giza likikaribia. Kagure alimwangalia Jembe, akaangalia nyama, akaishika kwa mikono miwili, na watu wote wakacheka. Naye akacheka. Nilishukuru.

Jembe aliondoka ndani ya kiondo cha Wangui, kwenye kiti cha nyuma, kichwa dirishani. Niliinua mkono. Alikuwa anaangalia ng'ombe.

Iandikwe kwamba mpango wangu ulifaulu.

Jumapili, 10 Agosti

Ngendo alikuja kukagua. Ameridhika. Ameniletea managu kwa sufuria, yale machache aliyookota pembeni mwa shimo. Wamae amenipa mkono kanisani na kusema mimi ni mtu wa kueleweka.

Nimepika ugali. Nimepakua sahani mbili. Nimekaa nikiangalia ile ya pili.

Pale kona ambapo kiondo kilikuwa pana duara safi lisilo na vumbi. Nimelia. Sijui kwa nini nizunguke wakati hakuna anayesoma: nimelia kama mtoto, managu yakipoa. Nilidhani mtu akitimiza ahadi anapata nafuu. Nimetimiza, na sasa sina hata wa kunichimbia shimo.

Alhamisi, 14 Agosti

Kagure na mumewe wamepita hapa wakitoka kumsalimia mama yake. Wamekunywa chai. Habari za Kutus: Jembe amechimba mtaro kutoka mtoni hadi karibu na jikoni, na Mzee Muriithi, badala ya kukasirika, amepanda nyanya pembeni. Halali ndani ya kitu chochote, analala popote. Ameongezeka kilo. Nilifurahi, na nikaumia, yote kwa wakati mmoja.

Kisha Kagure akaniwekea mezani kiondo cha Wangui. Nilikishika kwa mikono miwili kabla hata ya kumshukuru. Kilikuwa kizito.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kiondo cha watu hakirudishwi kitupu. Mama yangu hakuwahi, Wangui hakuwahi, hakuna mtu mwenye heshima anayefanya hivyo. Nikatarajia mchele, maana mashamba ya mpunga yako karibu na kwao. Nikafunua leso. Mchele hauna sikio.

Mbwa wa Mzee Muriithi alizaa miezi iliyopita. Mzee amenichagulia mmoja, yule anayechimba kuliko wenzake, kwa sababu ameona hao ndio ninaowapenda. Nikaanza kueleza habari za ploti, za Ngendo. Kagure akanikata kwa heshima. "Uncle, si ni wewe ulisema ya kiondo haikataliwi? Mbele ya wazee?" Mumewe aliinama akanywa chai iliyokuwa imeisha.

Ni mweusi, na miguu mikubwa. Wameondoka tu, akaanza na zulia. Nimempa jina Sururu.

Ngendo amebisha hodi jioni, amesikia kitu kinakwaruza. Nimemwambia nimeanza kufuga sungura. Amefurahi sana. Hajaona sungura wa karibu tangu utotoni, atakuja Jumapili baada ya kanisa kumshika. Wamae alikuwa nyuma yake, anaangalia chini ya mlango wangu, ambapo pua nyeusi ilikuwa imetokeza. Nikamwambia ni sungura wa kizungu.

Hakuna shida. Mpango uko tayari. Jumapili Sururu atakuwa kwa Phyllis, siku moja tu, na mimi nitakaa naye pale ili asisumbue. Phyllis hatakataa. Huyu ni mtulivu.

Asubuhi hiyo nitampandisha kilima kwanza.