Maji Yangu ni ya Mashariki

Jumatatu, 3 Machi
Sijapata kuona! Nguzo za umeme zimelala mlangoni kwa shemeji yangu kama mamba walioshiba. Kwangu, hata kijiti. Karani wa wilaya kasema nguzo ni za wilaya ya mashariki, na mimi ni mtu wa magharibi. Magharibi gani? Kuku wa shemeji wanataga chini ya kitanda changu! Shemeji kanipa pole ya kinafiki: eti nisihuzunike, taa yake nitaiona dirishani, bure. Mke wangu naye katamka mbele yangu kwamba kaka yake akiwashiwa tu, yeye anahamia huko, macho yamemchoka kwa moshi wa koroboi. Nilidhani utani. Ameshakunja shuka!

Jumanne, 4 Machi
Nimembana karani anisomee sheria. Mpaka unapita mgongoni mwa kilima chetu hiki, pale maji ya mvua yanapogawana. Yanayoteremka mashariki, mashariki. Yanayoteremka magharibi, ndiyo sisi mafukara. Kumbe wilaya nzima imefungwa kwenye maji! Na maji hayana kiburi: ukiyachimbia, yanafuata. Niliishia darasa la nne, lakini hilo sikuhitaji kufundishwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimechimba mfereji uani kuelekea mashariki, udongo nikaurundika upande wa pili. Mgongo mpya wa kilima, kazi ya mikono yangu. Shemeji kapita, kauliza kama najichimbia kaburi, anisaidie. Nikamjibu kaburi ni lake, alale nimpime. Kacheka. Atacheka sana.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua! Maji yote mashariki, hata tone halikuasi! Yameingia moja kwa moja jikoni kwa shemeji. Sufuria zikaelea, mwiko ukaenda na njia. Kaja suruali imemganda miguuni, anafoka hadi mate. Nikamkumbatia. Nikamwambia umeona mwenyewe, maji yangu ni ya mashariki, kesho akija mpima ardhi niliyemwomba kwa karani, unitolee ushahidi. Kasema ushahidi atautoa, tena kwa moyo wote. Shemeji mwema, nilimsingizia.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu! Mpima ardhi kaja na darubini yake ya miguu mitatu. Nikamwaga ndoo ya maji aone yanavyokimbilia mashariki. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema sheria inataka kilima alichokiumba Mungu, si alichokifinyanga mzee. Akachungulia, akapima, akanyoosha kidole: mgongo wenyewe uko kule nyuma, ng'ambo ya mchungwa. Zizi langu la mbuzi tu ndilo liko magharibi. Nyumba yangu ni ya mashariki tangu babu anaijenga!

Nilipiga kelele za furaha. Mke wangu akaanza kukunjua shuka. Ndipo shemeji akaomba kusema. Kumbe huko mashariki kuna sheria ndogo: ukimwelekezea jirani maji, unaitwa barazani, na nguzo hupati hadi kesi iishe. Mtu wa magharibi hawamwiti, hawana mamlaka naye. Yaani ningekuwa bado fukara, ningekuwa salama! Shuka ikakunjwa upya, safari hii ikatoka na mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Nyumba kimya. Mke yuko kwa kaka yake, nasikia anachagua taa ya sebuleni ikae wapi. Mjumbe wa baraza kaleta wito, kanikosa. Kanikosa kwa sababu nimehama! Kitanda changu sasa kiko zizini, magharibi halisi, mpima kasema kwa kinywa chake. Waje wanishike. Kesi ikichoka nitarudi mashariki kudai nguzo yangu, na mke wangu.

Beberu ananitazama kama mpangaji aliyekuja bila kubisha. Atazoea. Kero ni moja tu: zizi linatuamisha maji, miguu ya kitanda imeshazama. Kesho nachimba kamfereji kadogo, yateremke magharibi. Huko chini anakaa karani, lakini yule ni mtu mwelewa.