Kibao cha Zamu cha Bibi Pfleiderer

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Timo ameniachia busu na nusu mkate wenye siagi. Mume wangu! Neno hili bado tamu mdomoni.

Jumamosi wakazi watapiga kura: nani apewe bustani ndogo chini ya mti wa mpea. Naiona tayari. Meza, kahawa, Timo na mimi. Tatizo: katika nyumba yetu hii ya wazee na vijana, kura nyingi ni za wazee. Nahitaji tendo jema.

Leo kibao cha zamu ya kufagia ngazi kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango wa Bibi Pfleiderer, ghorofa ya pili: wiki hii afagie yeye. Miaka themanini na moja, na ndoo mkononi! Wazo limekuja lenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Saa kumi na moja alfajiri nimehamishia kibao kwenye kitasa chetu. Nimefagia, nimepiga deki. Kimya kimya. Wema wa siri hung'aa zaidi ukigunduliwa.

Timo ameuliza kama Bibi amekubali. Nimemwambia mapenzi hayaombi ruhusa. Ameendelea kunywa kahawa. Ana mikono mizuri sana.

Jumatano, 5 Juni

Nimemkuta Bibi akitazama kitasa chake kitupu. Ameuliza kama wakazi walifanya kikao yeye hayupo. Nimejibu kwa tabasamu la fumbo kwamba vikao haviishi. Ameanza kunishuku. Vizuri.

Alhamisi, 6 Juni

Bibi anafunga vyombo kwa magazeti, anavitia kwenye maboksi. Kupumzika kumempa nguvu ya kupanga nyumba upya! Nimemsaidia kufunga sufuria. Amesema amempigia simu binti yake aliyeko Ulm. Nimesema watoto ni baraka. Mzee Rapp wa ghorofa ya chini amepita, akanitazama vibaya. Wivu.

Jumamosi, 8 Juni

Kikao. Kabla ya kura Bibi akasimama, akasema anahama mwisho wa mwezi.

"Mgeni hupewa jembe siku ya tatu," alisema. "Mimi mmeninyang'anya ufagio mwaka wa kumi na nane. Nimeelewa."

Wakaulizana nani kachukua kibao. Timo akanitazama. Nikasimama, nikaeleza, nikalia kidogo. Nilifanya kwa mapenzi.

"Mapenzi hayo mpe mumeo, binti," Mzee Rapp akasema. Wakacheka.

Bibi hakucheka. Aliuliza tu kama nilifagia kona iliyo nyuma ya mlango wa chini. Nikauliza kona gani.

"Nilijua. Nipe kibao changu."

Hahami tena. Amesema akiondoka, kona ile itaota nyasi.

Bustani amepewa yeye, wala hakuiomba. Kura kumi na moja. Sisi moja, nayo ni yangu. Timo alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumapili, 9 Juni

Tumefungua maboksi ya Bibi. Jana jioni alifagia upya ngazi zote. Ametualika kahawa chini ya mpea, mradi tuoshe vikombe wenyewe.

Timo anatumaini nimejifunza. Nimejifunza! Kosa lilikuwa siri. Wazee wanataka kupendwa waziwazi.

Sasa namwaza Mzee Rapp. Kila Jumanne anaburuta peke yake mapipa manane ya taka hadi barabarani. Na mgongo ule! Kesho kutwa nitaamka saa kumi alfajiri, nimtangulie. Safari hii nitambandikia mlangoni barua yenye moyo mwekundu.