Kilo za Marehemu Salu

Jumanne, 1 Agosti 1995

Hapana, mama Evalina, hicho si kimbunga. Ndivyo nilivyomjibu leo kwenye foleni ya kuniuzia pamba. Kimbunga ni cha baharini, kinapindua meli, kinatangazwa redioni. Hiki chetu cha vumbi ni kisulisuli, wengine wanaita chamchela. Kinatembea kwa miguu. Kimbunga hakina mtu ndani. Kisulisuli kina mtu. Akauliza mtu gani. Mdomo wangu huu! Nikasema: marehemu Salu.

Watu wakasogea karibu. Salu alikuwa karani wa mizani wa ushirika miaka ishirini. Nikaongeza kwamba hawapendi hawa wanunuzi binafsi walioruhusiwa juzi, anapita kukagua mizani. Ndiyo maana kila saa sita mchana anasimama kwa Ngusa, mnunuzi mwenzangu ng'ambo ya barabara.

Shida yangu ni Jumamosi. Bwana Constantine wa kampuni tunayoinunulia pamba anakuja kutoka Maswa. Mawakala hapa tuko wawili, mimi na Ngusa. Anabakiza mmoja, mwenye pamba nyingi. Nikikosa, narudi kuchunga ng'ombe wa shemeji. Tena!

Jumatano, 2 Agosti

Imekubali! Saa sita kisulisuli kikasimama kwa Ngusa kweli. Wakulima wakavuka barabara na magunia yao, wote kwangu. Ngusa akapiga kelele kwamba Zengo ni mwongo tangu darasa la nne. Uzushi! Mimi niliishia la tatu.

Mizani yangu nimeikaza springi. Kila gunia linapungua kilo tatu. Kidogo tu, kama panya kaonja.

Alhamisi, 3 Agosti

Leo hakikwenda kwa Ngusa. Kilikuja mpaka katikati ya barabara, kikasimama. Upepo hakuna. Jani la mwarobaini halitikisiki. Vumbi linazunguka polepole, urefu wa mtu, halitoi sauti. Bibi Nyanjige akapiga goti, akakiamkia: "Mwadila, baba." Watu wakacheka. Mimi nikarudi nyuma ya mizani.

Ijumaa, 4 Agosti

Mwandiko mbaya leo.

Saa sita kikavuka. Kikapita katikati ya magunia, hakikuchukua hata unyuzi wa pamba. Kikaingia chini ya mizani yangu. Ndoano tupu! Hakuna gunia, hakuna kitu. Mshale ukaanza kupanda. Kumi. Thelathini. Hamsini na tisa. Ukatulia hapo.

Benedikta, mjane wa Salu, akatoka kwenye foleni. Akaeleza taratibu kwamba mume wake, kila mwanzo wa msimu, alikuwa anajipima mwenyewe kabla hajapima pamba ya mtu. Hakuzidi, hakupungua. Sitini na mbili, mpaka anazikwa. Kisha akanigeukia: "Zengo mwanangu, kilo tatu za mume wangu umeziweka wapi?"

Foleni nzima ikanitazama. Mshale ukarudi sifuri. Vumbi likalala chini, kimya, kama mtu kamaliza kazi yake. Magunia yakavuka barabara, hata yale niliyokwisha kuyapima.

Jumamosi, 5 Agosti

Constantine kambakiza Ngusa. Kanipokonya kitabu cha risiti mbele za watu. Ngusa kaniuliza kama ng'ombe wa shemeji nao nitawapima. Wakacheka mpaka watoto.

Mizani ni yangu, nimebaki nayo. Nimeiviringisha kwenye blanketi, nimeisukuma chini ya kitanda. Saa sita nikasikia springi inavutika humo ndani. Nikatoka nje kwanza.

Nimefikiri sana, kosa langu nimeliona. Nilitaja marehemu wa hapa hapa, tena mwenye mke anayejua uzito wake. Jumatatu naenda Lamadi, ziwani. Samaki nao wanapimwa, na safari hii nimeshachagua marehemu wa mbali, hakuoa.

Sasa wewe uliyeshika daftari hili, tuelewane. Mizani yangu, kibanda cha samaki utatoa wewe. Faida nusu kwa nusu, mimi sina choyo. Ila saa sita mchana, pale kwenye mizani, utasimama wewe.