Uji wa Leonia na Watoto Wangu

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Alhamdulillah! Utafiti umeanza katika zahanati yetu, hapa Buzebazeba. Watoto wa wakimbizi waliokonda, makundi mawili: moja linakunywa uji wa unga mpya wenye virutubisho, jingine uji wa kawaida. Wafadhili wakiridhika watatoa fedha, na mmoja wetu atapelekwa Dar akasomee utafiti. Mmoja tu! Mimi au Leonia, muuguzi mwenzangu. Mwenzangu kapewa unga mpya, mimi wa kawaida. Kanicheka: eti Mzee Chande, wako watanenepa kwa dua?

Ijumaa, 9 Oktoba
Kazi ni kuwapitia watoto majumbani. Sasa mtu anaingiaje kwa mgonjwa mikono mitupu? Nimelelewa Ujiji mimi! Nimebeba dagaa na mawese kidogo. Mama Arakaza, aliyekimbia Burundi na mwanawe mgongoni, kaniita malaika. Sikubisha sana. Nia yangu safi kabisa. Na Leonia ashindwe.

Alhamisi, 22 Oktoba
Mizani imesema! Watoto wangu wamewapita wa Leonia! Nimesujudu palepale sakafuni. Leonia kanuna. Ila Daktari Anatoli, msimamizi wa utafiti, kashika kichwa. Anasema basi unga mpya haufai kitu, na wafadhili wanafika kesho. Watafunga mkoba waondoke. Na masomo ya Dar? Ya Rabi! Nimeshinda mpaka nimejishinda.

Ijumaa, 23 Oktoba
Wageni wamekaa, Daktari anatoka jasho. Mara Mama Arakaza kaingia, kauliza mbele ya wote mbona leo dagaa wamechelewa, mtoto analia. Leonia kasema kumbe Mzee Chande ana dawa yake ya ziwani. Nikajitetea kwamba ni uungwana tu. Mgeni mmoja kacheka hadi machozi. Wameamua utafiti uanze upya, na fedha za mafunzo ziongezwe, maana haja wameiona kwa macho. Wa kwanza kwenda Dar: mimi! Leonia anasema kinachopelekwa kwa fundi ni kilichoharibika. Wivu huo.

Jumatatu, 23 Novemba
Nimerudi na cheti! Mwalimu alisimulia kisa changu kwa darasa zima. Heshima iliyoje! Akasisitiza: usilibebe kundi moja ukaliacha jingine, dagaa marufuku. Nimeelewa barabara. Tumeanza upya leo, na safari hii unga mpya nimepewa mimi. Jioni nimepitia Simbo, nimenunua asali. Asali mwalimu hakuitaja.